Jaribu Linux kabla hujatoa hela

Unatafuta kompyuta ya mezani ya kuwekea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows? Nenda dukani na flashi yenye Ubuntu (aina mojawapo ya Linux), uiwashe mashine kwa flashi hiyo hapo hapo bila kugusa diski yake. Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika lspci -k, amri ya kuorodhesha vifaa vya mashine, kisha tazama kadi ya mtandao na ya picha: chini ya kila moja uone "Kernel driver in use", yaani kerneli (kiini cha Linux) imeipatia draiva, programu ya kuendesha kifaa hicho. Wi-Fi ndiyo inayosumbua zaidi. Chipu za Intel kwa kawaida hukubali zenyewe. Nyingi za Broadcom hudai draiva ya kupakua, na bila intaneti utaipakuaje? Draiva za picha za AMD na Intel zimo ndani ya kerneli. Nvidia mara nyingi huhitaji draiva ya kampuni yenyewe. Chomeka na spika, usikilize.