SOMO: Gemu inagandaganda? Pima hadi diski (hard disk) kabla hujanunua kadi ya picha

Wakuu, swali la "gemu inastaki, ninunue kadi gani ya picha?" linarudi kila wiki, na mara nyingi muulizaji ana kadi nzuri tu. Nimeamua kuliandika mara moja. Mwenye shida asome hapa kwanza, kisha aulize.

Anza kwa kutofautisha dalili. Kama gemu ni nzito muda wote, hata ukisimama ukitazama ukuta, angalia kadi ya picha au prosesa. Kama inakwenda vizuri halafu inaganda sekunde moja au mbili kila ukiingia eneo jipya, shuku diski. Kwenye GTA V utaiona ukikimbiza gari: barabara inachelewa kutokea, majengo yanakuja yamefifia kisha yanajichora upya. Gemu za ramani kubwa husoma vipande vya ramani kutoka kwenye diski huku unacheza. Diski ikichelewa, gemu haina la kufanya ila kusubiri.

Hatua ya 1. Simamisha torenti, Windows Update na chochote kinachoshushwa na Steam.

Hatua ya 2. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, ingia Performance, chagua diski yenye gemu. Cheza mpaka igande, kisha Alt+Tab uje kusoma grafu. Active time (muda ambao diski iko kazini) ya 100% peke yake si ubovu. Diski isiyo na ubovu inayosoma MB 100 kwa sekunde nayo itaonyesha 100%. Soma pamoja na Average response time (muda diski inaochukua kujibu). Ikiwa 100%, inasoma MB 1 tu, na muda wa kujibu unapanda mamia ya milisekunde mpaka kupita 1000 na kubaki huko, una kesi.

Hatua ya 3. Kabla ya kuihukumu diski, bonyeza Memory palepale. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye faili liitwalo pagefile, na pagefile inakaa kwenye diski. Diski inahangaika, lakini kinachokosekana ni RAM.

Hatua ya 4. Shusha CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kusoma afya ya diski. Usiishie kwenye rangi, soma mistari hii: 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokufa na kubadilishwa, C5 ni sekta zinazosubiri uamuzi, C6 ni zilizoshindikana kusomeka, C7 ni makosa ya njia ya data, ambayo mara nyingi ni kebo. C5 ikiwa juu ya sifuri inaweza kugandisha gemu: diski inarudia kusoma sekta ileile tena na tena kabla ya kukata tamaa. Namba za Raw Values huja kwa heksadesimali, kwa hiyo 64 maana yake ni 100. Nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 [DEC].

Hatua ya 5. Kopi mafaili yako KABLA ya kutengeneza chochote. Hapa ndipo niliwahi kupoteza picha za familia ya mtu, kwa hiyo someni polepole. Ukiona C5 au C6 imepanda, mkono utataka kuandika `chkdsk D: /r`. Usiandike bado. Amri hiyo hupita diski nzima, sekta kwa sekta, kwa saa nyingi, na diski iliyokwisha kuchoka inaweza kufia katikati. Pia chkdsk kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa mafaili. Ikikuta faili limeharibika inaweza kulikata vipande ili mpangilio ukae sawa, na wewe ulikuwa unalitaka faili. Hamisha kwanza picha, kazi za ofisi na save za gemu (hatua ulizofikia). Gemu yenyewe iache, utaishusha tena. Ukisikia diski inagonga "tik, tik" kwa mpigo, zima kompyuta. Hata kukopi usijaribu kama ndani kuna kitu usichoweza kukikosa. Mpelekee mtu wa kuokoa data. Na usiizime kwa nguvu chkdsk ikiwa inaendelea. Kwenye umeme wa kukatikakatika, tumia UPS au laptop yenye betri nzima.

Hatua ya 6. Diski ni nzima ila nzito? Hadi diski ya kuzunguka ifanyie defrag (kupanga upya vipande vya mafaili) na uiachie nafasi. SSD (diski ya kasi isiyozunguka) usiifanyie defrag, Optimize ya Windows inatosha. Na mjue Starfield, na Cyberpunk 2077 tangu toleo 2.0 la 2023, zinataka SSD hata kwa kiwango cha chini. Hadi diski yako inaweza kuwa na afya tele na bado isitoshe.

---

Swali: Mkuu mi PC yangu inastaki sana, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 2. Leta namba.

Swali: Shukrani kwa somo kiongozi. Kwangu 05, C5 na C6 zote ni 0, ila C7 ni 412. Gemu inaganda kama ulivyoeleza. Diski ninunue nyingine?

Jibu: Usinunue, na hongera kwa kusoma mpaka mwisho. Zima, chomoa kebo ya data ya SATA, weka nyingine, ikiwezekana na tundu jingine la ubao mama. Ile 412 haitashuka hata ukimaliza tatizo, hesabu hiyo hairudi nyuma. Iandike, cheza siku kadhaa, angalia tena. Ikibaki 412, umepona kwa bei ya kebo. Fungua pia Event Viewer, upande wa System, utafute tukio namba 129 au 153. Hayo ni Windows ikilalamika kwamba diski haikujibu kwa wakati.

Swali: Unatisha watu bure. Mimi chkdsk /r napiga kila mwezi na diski inadunda.

Jibu: Diski yako ni nzima, ndiyo maana. Nimeandika kuhusu diski yenye C5 iliyopanda. Rudia hatua ya 5.

Swali: Mimi niliona 100% nikanunua SSD jana. Bado inaganda!

Jibu: RAM ngapi?

Swali: 4.

Jibu: Hatua ya 3 ipo juu ya hatua ya 4 kwa sababu hiyo.

Swali: Samahani kaka, laptop yangu ina nafasi moja ya diski. Nataka SSD lakini hadi diski ya zamani ina mafaili ya chuo na bado nzima. Inawezekana kuwa na zote?

Jibu: Inawezekana dada, kama laptop ina sehemu ya DVD. Toa DVD, nunua fremu ya kubebea diski, mafundi wanaiita caddy. Pima unene kwanza, ziko za milimita 9.5 na 12.7. SSD ikae nafasi kuu pamoja na Windows na gemu, hadi diski iende kwenye caddy na mafaili. Kama haina DVD, ifungue uone kama kuna tundu la M.2 (la SSD ndogo bapa), na uangalie linapokea SSD ya aina ya SATA au ya NVMe kabla ya kulipa.

Swali: Na gemu zikiwa kwenye diski ya nje?

Jibu: Chomeka kwenye USB 3.0, mara nyingi tundu lake ni la buluu. USB 2.0 itakupa kama MB 30 hadi 40 kwa sekunde. Ukinunua diski ya nje ya "TB 2" kwa bei ya kutupa, ipime kwa programu ya H2testw kabla hujaweka kitu. Za bandia hujaa mapema na kuanza kufuta mafaili ya nyuma bila kukuambia.