Jinsi ya kufuatilia manori ya Uingereza: ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani

Kama uko Nakuru labda ushatembelea ile kasri ya Lord Egerton kule Ngata, na swali watu hujiuliza ni hawa malodi utajiri walitoa wapi. Ni mashamba. Maurice Egerton alitoka familia ya Tatton, Cheshire, na alipofariki 1958 bila mke wala mtoto ulodi wake ukaishia hapo, Tatton Hall ikaenda kwa National Trust. So kama uko na asaimenti ya historia, ama unapenda tu mambo ya kale, hivi ndivyo unafuata shamba la aina hiyo kurudi nyuma.

Anza na manori moja, yaani shamba lenye wapangaji wake na korti yake ndogo. Usianze na familia, juu familia moja ilikuwa na manori kibao utapotea. Ingia Open Domesday, tovuti ya Domesday Book (daftari la mashamba la mwaka 1086), ni bure, andika jina la kijiji. Rekodi hiyo itakuonyesha nani alishikilia kabla ya William, mtawala wa Normandy, kuvamia Uingereza 1066 na nani alipewa baadaye. Na ukumbuke ardhi yote ilihesabika ni ya mfalme, wengine wote waliishika kutoka kwake, kwa hivyo mrithi akikosekana inarudi juu.

Halafu tafuta vifo. Hapa ndipo kuna utamu wenyewe. Mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme akifa, ofisa wa mfalme alikuja na wazee wa eneo wakaapishwa waseme marehemu alikuwa na nini, mrithi ni nani na ako na miaka mingapi. Hizo karatasi ukisachi andika inquisition post mortem. Kijana akiwa chini ya miaka 21 mfalme alishika shamba na kula mapato, ama anauzia mtu mwingine ulezi, mpaka kijana akomae, na majirani waliitwa kuthibitisha umri wake, huyu anasema nakumbuka juu mwaka huo mtoto wangu alizaliwa. Huo mpango Bunge lilifuta 1660.

Angalia mabinti pia, tafadhali usiwaruke. Kama hakuna mtoto wa kiume mabinti waligawana sawa, kwa hivyo ukiona jina la familia limebadilika ghafla usidhani shamba liliuzwa, cheki kwanza nani alioa nani.

Jambo lingine ni uhaini, juu aliyehukumiwa kwa huo mfalme alimnyang'anya mashamba. Chukua Sudeley, Gloucestershire. Ralph Boteler alilazimika kuiuzia Edward IV mwaka 1469, mfalme akampa ndugu yake Richard, huyo Richard akawa mfalme akauawa vitani Bosworth 1485, Henry VII akampa mjomba wake Jasper Tudor. Jasper akafa 1495 bila mrithi halali, ikarudi kwa mfalme. 1547 akapewa Thomas Seymour, mke wake Katherine Parr akafia hapo 1548 na akazikwa hapo, Seymour mwenyewe akakatwa kichwa kwa uhaini 1549. Ikapita kwa William Parr, kaka yake Katherine, naye akapatikana na uhaini 1553, na 1554 Malkia Mary akampa John Brydges. Chini ya miaka mia moja hiyo! Lakini hukumu ya uhaini ingeweza kufutwa na watoto wakarudishiwa, so usiishie hapo, soma miaka ishirini thelathini mbele.

Ukikwama kwenye miaka ya 1530 na 1540, uliza kama shamba lilikuwa la watawa, juu Henry VIII alinyakua nyumba zao kuanzia 1536 na nyingi zikauzwa.

Mwisho ingia tovuti ya British History Online, utapata vitabu vya Victoria County History, yaani historia ya kaunti moja moja, vinavyotaja kila manori na walioishika, tena na mahali karatasi ilipo. Si kaunti zote zimekamilika, kama yako haipo tumia katalogi ya National Archives, hifadhi ya nyaraka za serikali iliyo Kew, London.