Kabla hujachoma fila usoni, hakikisha haya

Kwanza ujue kinachoingia. Fila ni kitu kinachochomwa chini ya ngozi kujaza sehemu, na nyingi za midomo na mashavu ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho ngozi yako inacho tayari, kinavuta maji na kuyashika ndo maana sehemu inajaa. Ya kiwandani imeunganishwa na kemikali isiyeyuke haraka, inakaa kama miezi 6 mpaka 18 hivi halafu mwili unaimaliza wenyewe. Msichanganye na Botox, ile inalegeza misuli.

Una mimba au unanyonyesha, acha. Una jipu usoni, subiri lipone. Kama huwa unatokwa na vidonda vya homa mdomoni sema mapema, sindano inaviamsha. Aspirini inaongeza kuvilia damu, ila kama umeandikiwa na daktari wa moyo usijiachishe mwenyewe.

Sasa hii ndo kubwa. Uliza kama wana hayaluronidezi humohumo chumbani, ndo dawa inayoyeyusha hiyo jeli. Mtoto wa mama mdogo alijaza lipsi kwa dada mmoja anafanyia nyumbani kwake, bei poa, mdomo wa juu ukapauka upande mmoja, maumivu hayaelezeki, baadaye madoa ya zambarau kama wavu yakapanda mpaka karibu na pua, akimpigia simu anaambiwa weka barafu ni uvimbe wa kawaida. Kawaida wapi! Jeli imeziba mshipa, ngozi inakosa damu inaanza kufa, na barafu ndo inabana mishipa zaidi. Ikitokea kwenye pua au katikati ya nyusi inaweza kufika mpaka jichoni ukapofuka. Na huyo dada dawa hana.

Alipofika kwa daktari wa ngozi, swali la kwanza: fila gani? Kimya, boksi hakuliona. Na daktari hakuuliza kwa umbea, hayaluronidezi inayeyusha asidi ya hayaluroniki tu, silikoni haigusi, fila za kalsiamu haigusi. Bahati yake ilikuwa ndo yenyewe, akachomwa ikayeyuka, kovu dogo limebaki.

Kwahiyo boksi lifunguliwe mbele yako, piga picha jina na namba ya bechi. Zile kalamu zinazosukuma fila kwa presha bila sindano achana nazo, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilishazitolea onyo 2021. Usichome siku moja kabla ya safari, usiende peke yako, na mtu asiyepokea simu usiku huyo wa nini.