Jiki Imemwagikia Nguo Nyeusi: Jinsi ya Kurudisha Rangi

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea suruali nyeusi ya pamba yenye baka la rangi ya chungwa gotini. Alikuwa amelisugua kwa sabuni na brashi siku mbili, mpaka kitambaa kikaota manyoya. Katika kazi yangu ya udobi hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi. Tunaliita doa, basi tunataka litoke. Hakuna cha kutoa hapo. Jiki imeila rangi, na ule uchungwa ni masalio ya rangi nyeusi iliyoharibika. Kazi ni mbili: kuizuia jiki isiendelee kula, kisha kuirudishia nguo rangi yake.

1. Ua nguvu ya jiki

Geuza nguo ndani nje, uishike chini ya bomba dakika kadhaa, maji yapite kwenye baka bila kutiririkia sehemu ambazo hazijaharibika. Kisha nunua kwenye duka la dawa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Changanya kipimo 1 kwa vipimo 10 vya maji, loweka dakika 10, suuza tena. Ukiona vipovu vidogo, usishtuke. Ni oksijeni inatoka jiki inapokufa.

Tafadhali sana, usimimine siki wala ndimu juu ya jiki. Wengi wanashauriana hivyo, lakini mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaumiza mapafu.

2. Pima uimara

Shika baka kwa vidole viwili, ulivute taratibu. Likichanika, rangi haitasaidia. Peleka kwa fundi cherehani akatie kiraka.

3. Kijue kitambaa

Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uushike kwa kibanio juu ya sinia, uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, inanukia karatasi, na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta huyeyuka, inajikunja na kuacha kipunje kigumu kama shanga. Rangi ya kawaida ya pakiti hushika pamba, lakini haishiki poliesta. Ukiruka kipimo hiki utapoteza pesa na siku nzima.

4. Tia rangi

Kwa tone dogo kama punje ya mchele, kalamu nyeusi ya wino usiofutika inatosha. Ijaribu kwanza kwenye pindo, maana baadhi ya wino mweusi ukikauka huonekana zambarau. Dona dona kwa ncha, usichore mistari.

Baka kubwa linahitaji nguo nzima itiwe rangi. Weusi haufanani: kuna unaoelekea bluu na kuna unaoelekea kahawia, hivyo ukipaka baka peke yake litaonekana tu. Fua nguo kwa sabuni, suuza, uiache mbichi. Vaa glavu. Yeyusha rangi kwenye maji ya moto, uichuje kwa kitambaa ili isibaki na madonge, kisha uimimine kwenye sufuria kubwa usiyopikia chakula. Ongeza chumvi kwa kipimo cha pakiti, maana ndiyo inayoisukuma rangi iingie kwenye pamba.

Kabla ya kuzamisha nguo, mimi hupaka baka rangi hiyo kwa brashi mara mbili, kwa kuwa pale ndipo penye kiu zaidi. Kisha naizamisha yote na kuikoroga bila kupumzika kwa dakika 30 hadi 45. Ukiiacha itulie, mikunjo itaacha michirizi.

5. Suuza na uanike

Suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha anika kivulini. Usihukumu rangi nguo ikiwa mbichi, kwani maji huifanya ionekane nyeusi kuliko ilivyo. Suruali ya yule kijana ilipokauka, baka lilikuwa bado na wekundu kwa mbali, nikairudisha kwenye rangi mara ya pili ndipo likapotea.

Mara tatu za kwanza, ifue peke yake.