Laptopi haitoi sauti? Usikimbilie kupiga Windows

Kiangazi cha Tabora, Juni hadi Oktoba, laptopi zisizo na sauti huwa nyingi mezani kwangu. Mtu katoka Urambo au Sikonge kwa pikipiki, begi limejaa vumbi, na keshaambiwa dawa ni kupiga Windows upya, yaani kufuta mfumo unaoendesha laptopi na kuuweka tena. Wapo waliolipia, wakapoteza picha na kazi za chuo, na sauti haikurudi. Inaniuma. Kabla hujakubali, fuata hatua hizi.

1. Tazama kitufe cha kuzima sauti. Kwenye ThinkPad na HP nyingi kina kitaa. Kikiwaka, sauti imezimwa.

2. Bofya alama ya spika chini kulia, kisha kishale kilicho kwenye kidirisha cha sauti kinachofunguka, uone orodha ya vifaa vya sauti. Kama uliunganisha TV kwa HDMI au spika ya blutuzi, huenda sauti bado inapelekwa huko. Chagua spika za laptopi.

3. Tundu la hedifoni. Hapa tulia. Ndani ya matundu mengi mna kibati kinachosukumwa pini ikiingia, ndipo laptopi inanyamazisha spika zake. Vumbi likishindilia, au kibati kikakwama, mashine huamini hedifoni zipo. Dalili yake: ukichomeka hedifoni unasikia, ukizichomoa kimya. Zima laptopi kabisa, ingiza na kutoa pini mara kadhaa huku ukiizungusha. Puliza kwa blowa ukiwa mbali kidogo. Usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu. Ikigoma, tumia brashi nyembamba yenye spiriti kidogo, iache ikauke ndipo uwashe. Njiti ya kiberiti usithubutu: ikivunjikia humo, lazima mashine ifunguliwe.

4. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc. Tafuta Windows Audio, bofya kulia, iwashe upya.

5. Rudia Windows na R, andika devmgmt.msc. Kwenye vifaa vya sauti, mara nyingi utakuta jina Realtek. Kiondoe kifaa hicho bila kuweka tiki ya kufuta draiva (programu inayokiendesha), kisha zima na kuwasha. Windows itakirudisha yenyewe, wala haili bando.

6. Bado kimya? Washa laptopi kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta tofauti na Windows, chagua kuijaribu bila kuisakinisha. Sauti ikitoka huko, spika ni nzima na tatizo ni la Windows. Sasa kuipiga upya kuna maana, ila hamisha mafaili kwanza. Ikikosekana huko pia, na laptopi si toleo jipya sana ambalo Ubuntu hailijui, shuku vifaa vyenyewe.

Hapo mwambie fundi afungue, achomoe waya wa spika na kuzipima kwa mita ya umeme. Spika nzima ya laptopi kwa kawaida husoma karibu omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 4 au 8. Mita isiposoma kitu, koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, imekatika, badilisha spika. Zikisoma vizuri, ubovu uko kwenye bodi, na kadi ndogo ya sauti ya USB itakuvusha kwa bei nafuu kuliko kuchomelea bodi.