Kabla hujajaza fomu ya kusomea michezo: mambo ya kuweka sawa ukiwa bado nyumbani

Anayefika chuo cha michezo na njumu mpya na daftari moja amejiandaa kinyume. Nasema hivi kwa sababu vijana wengi wa Mwanza wanaoniuliza kuhusu kozi hii ni wachezaji wazuri. Wamepita UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, wamecheza ndondo za Igoma na Buhongwa, majina yao yanajulikana mtaani, basi wanaona chuo ni hatua inayofuata ya kipaji chao. Chuo kinafundisha kazi nyingine: kumfundisha mwenzako, kumkinga asiumie, kuandaa mashindano, kutunza fedha za timu na kuandika ripoti inayosomeka. Winga hodari anaweza kushindwa mtihani wa anatomia muhula wa kwanza, na binti ambaye hajawahi kuitwa hata kwenye kikosi cha shule akaongoza darasa. Ukilijua hilo mapema, maandalizi yako yote yanabadilika.

Jua kwanza unakwenda wapi. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kipo Mkoa wa Mwanza, ila usitegemee kuliona ziwa. Kipo Wilaya ya Kwimba, mbele ya Ngudu, kwenye njia ya reli inayotoka Tabora kuja Mwanza. Ni eneo tulivu la wakulima na wafugaji, na kiangazi vumbi ni jingi. Chuo cha Ualimu Butimba, kilichopo hapa hapa jijini, kinaandaa walimu, na kwa miaka mingi kimejulikana kwa masomo ya sanaa na michezo. Anayelenga shahada huangalia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Hizi ni njia tatu zenye mwisho tofauti, kwa hiyo amua kazi kabla ya kozi. Unataka kusimama mbele ya wanafunzi, kukaa benchi, au kukaa ofisini na faili la mashindano?

Hapo kwenye benchi ndipo wengi hupotea. Stashahada ya michezo peke yake haikupi ruhusa ya kufundisha timu ya Ligi Kuu. Benchi la mpira linataka leseni ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, inayoanzia D, kisha C, B na A hadi Pro, na mafunzo yake hupitia TFF, shirikisho la mpira la Tanzania. Uamuzi wa mechi nao una ngazi zake, kuanzia chama cha waamuzi cha wilaya. Jonesia Rukyaa, mwamuzi wa FIFA kutoka Kagera, ng'ambo tu ya ziwa letu, alipanda ngazi hizo mpaka akachezesha mechi ya Simba na Yanga. Cheti cha chuo kinakupa msingi wa kuzielewa kozi hizo haraka na kukufanya uajirike shuleni au kwenye halmashauri. Kwa hiyo ukipanga miaka yako, panga vyote viwili. Mzazi naye aambiwe mapema, asije akadhani mwanawe akihitimu Juni basi Agosti yuko benchi la Pamba Jiji, klabu yetu ya Mwanza.

Upande wa ofisi ndio ambao vijana huupita bila kuugeuzia macho, na mimi naona ndio wenye nafasi kubwa zaidi. Halmashauri zina maafisa michezo, shule binafsi zinatafuta walimu wa michezo, akademi zinataka mtu wa kupanga ratiba na kusimamia usajili. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON, mashindano ya mpira ya mataifa ya Afrika, kwa pamoja. Mashindano ya namna hiyo yanakula watu wengi wasiogusa mpira kabisa: wa malango, wa usafiri, wa vibali, wa huduma ya kwanza, wa kuhesabu tiketi. Aliyesomea uongozi wa michezo akajua kuandika bajeti na muhtasari wa kikao ana cha kuonyesha.

Sifa za kuingilia hazina maneno mengi. Kwa ngazi ya cheti, kima cha kawaida ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Stashahada huifikia kwa kupanda kutoka cheti au kwa kutumia matokeo ya kidato cha sita. Soma mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wa mwaka husika, uangalie kama chuo na kozi vimo ndani, na usikubali kuambiwa na dalali wa vyuo. Aliye kidato cha nne sasa ajue pia kwamba tangu 2024 kuna kundi la tahasusi za michezo kwa kidato cha tano, jambo ambalo wakubwa zake hawakulipata.

Kagua majina. Usukumani humu utakuta cheti cha kuzaliwa kinasema Masanja, cheti cha kidato cha nne kinasema Masanza, na kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo halipo kwingine. Weka karatasi zote mezani na usome herufi kwa herufi. Penye tofauti, nenda kwa wakili ukaape na kupata hati ya kiapo ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ukishaanza masomo kila safari ya kurudi kurekebisha jina inakula nauli na vipindi.

Sasa Baiolojia. Kama ningeruhusiwa kumshauri kijana jambo moja tu, ningemwambia arudie Baiolojia yake ya sekondari: lishe, damu na moyo, upumuaji, mifupa na misuli, neva. Humo ndimo kozi nzima ilimojengwa. Kocha anayemwambia mchezaji "jikaze" wakati msuli wa nyuma ya paja umechanika anamwongezea jeraha, na hatajua kwa nini kijana huyo anaumia pale pale kila msimu. Msuli ule unapita viungo viwili, nyonga na goti, na huchanika zaidi mtu anapokimbia kwa kasi ya juu, mguu ukiwa umenyooshwa mbele kabla haujagusa ardhi. Ukilielewa hilo, unajua kwa nini mazoezi ya kuuimarisha hufanywa ukiwa unavutika, na kwa nini kunyoosha viungo dakika mbili kabla ya mechi hakutoshi.

Tarehe 12 Juni 2021, jijini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani moyo ukiwa umesimama. Alipona kwa sababu watu waliokuwa pale walianza kumkandamiza kifua mara moja na mashine ya kuushtua moyo ilikuwepo. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka Lyon tarehe 26 Juni 2003, akafariki. Viwanja vingi vya kata zetu havina mashine hiyo, na gari la wagonjwa lipo mbali. Kinachobaki ni mikono ya mwalimu wa michezo. Jifunze mapema: viganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, unakandamiza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, unaacha kifua kirudi juu kabisa kabla ya kukandamiza tena. Aliyefundishwa huchanganya makandamizo 30 na pumzi 2. Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Ukipata nafasi kabla ya chuo, nenda.

Notsi na mitihani mingi ni ya Kiingereza. Tenga daftari la istilahi, andika jina la msuli au mfupa kwa lugha zote mbili na uchore. Aliyezoea kuandika aya tatu zenye hoja atapumua. Asiyezoea aanze leo, hata kwa kuandika ukurasa mmoja juu ya mechi aliyoitazama.

Hesabu nayo inakusubiri uwanjani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapowaona wahitimu wakiumbuka. Umepewa kiwanja cha shule, kamba, chokaa na vijana wanne. Uchore uwanja wa mpira. Kila mtu anajua kuvuta mstari. Kona ndiyo inayoshinda watu. Pigilia kijiti pale kona itakapokuwa. Kutoka kwenye kijiti pima mita 6 kwenye mstari wa goli, weka alama. Pima mita 8 kwenye mstari wa pembeni, weka alama. Sasa vuta futi kamba kati ya alama hizo mbili: isome mita 10 kamili. Ikisoma 10.20, kona imefunguka. Sogeza mstari wa pembeni mpaka isome sawa. Ndiyo ile kanuni ya Pythagoras uliyoichukia kidato cha pili. Ukikosea nyuzi moja tu kwenye kona, mstari wa mita 100 utaishia karibu mita 1.75 nje ya mahali pake, na goli la upande wa pili litakaa mshazari mbele ya mgeni rasmi.

Riadha ni hivyo hivyo. Kwenye uwanja wa kawaida wa mita 400 wenye njia za upana wa mita 1.22, mkimbiaji wa njia ya pili kwenye mbio za mita 400 huanza mita 7.04 mbele ya yule wa njia ya kwanza. Namba hiyo haikutoka hewani, imetoka kwenye pai, na utatakiwa kuikokotoa mwenyewe pale uwanja wa shule utakapokuwa na kona za aina yake. Zoea futi kamba sasa. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25, unatosha kuwa zoezi la Jumamosi moja.

Kuhusu mwili wako, nenda hospitali kabla fomu ya afya haijakulazimisha. Pima shinikizo la damu, wingi wa damu na selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa inayo kwa wingi. Mwenye vinasaba vyake, hata kama haumwi, anapaswa kujua, kwa sababu mazoezi makali kwenye jua kali bila maji yanaweza kumdhuru. Pima pia kichocho. Ukiwa umekulia ufukweni, kuanzia Igombe hadi Kayenze, umeogelea na kuchota maji ziwani tangu utoto, na mdudu wake anaweza kukaa mwilini miaka mingi akikunyonya nguvu polepole huku wewe ukidhani pumzi imekwisha kwa kukosa mazoezi. Hupimwa kwa choo na mkojo, na dawa yake ipo.

Ziwa lina jambo jingine. Tumezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018, na kila mwaka mitumbwi inazama bila kutangazwa popote. Mtu anayesomea michezo kwenye mwambao huu asipojua kumsaidia anayezama, ana pengo kubwa, hata kama kozi yake haina kuogelea. Kanuni ni kumrushia kabla ya kufikiria kumrukia. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko na kamba linamwinua mtu mzima kichwa juu ya maji. Anayezama akikukamata shingo mtazama wote wawili. Wafundishe na wadogo zako.

Fedha uzihesabu zaidi ya ada. Kuna malazi, bima ya afya, sare za mazoezi, kuchapisha ripoti, na mafunzo kwa vitendo ambayo huenda yakakupeleka wilaya usiyo na ndugu. Lipa kwa namba ya malipo uliyopewa na chuo tu, na stakabadhi uitunze. Vifaa visikusumbue: raba imara, bukta na fulana za kutosha, filimbi, saa ya kuhesabu sekunde, basi.

Wazazi wa mabinti, nawaomba msikie. Binti akisema anataka kusomea michezo, mwulize atafanya kazi gani na atalala wapi, kama ambavyo ungemwuliza anayesomea uuguzi. Shule zina wasichana wengi ambao hawana mwalimu wa kike wa kuwaelewa wakiwa kwenye siku zao, au wa kuwapimia mazoezi bila aibu. Nafasi ipo, na inamsubiri.

Kisha fanya kazi yenyewe kabla ya kuisomea. Nenda uwanja wa Nyamagana au wa Kirumba siku ya mechi ukiwa na kalamu. Usiufuate mpira. Mtazame mwamuzi wa akiba, watu wa machela, kocha anayepasha wachezaji misuli, wanaokagua tiketi, uandike wanafanya nini na saa ngapi. Ukiweza, fika Kisesa wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora, uwatazame Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji, wakishindana kwa ngoma. Wana mazoezi, wana mbinu za kuvuta watazamaji, wana ushabiki wa kurithi, na mtu mwenye jicho anaweza kupata pale mada ya utafiti wake wa mwaka wa mwisho bila kuiga ya mtu.

Halafu omba kujitolea shule ya msingi iliyo karibu nawe. Mwone mwalimu mkuu ukiwa na barua ya maombi na barua ya serikali ya mtaa, kwa sababu unakwenda kukaa na watoto wa watu. Maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na ya UMISSETA huanzia shuleni, yakaenda kata, wilaya na mkoa, na fainali za taifa huchezwa katikati ya mwaka, kwa hiyo barua yako ifike shule zinapofunguliwa Januari. Omba darasa la tatu au la nne, watoto ambao hawajachaguliwa timu yoyote. Ukiweza kuwashika watoto 50 kwa dakika 40 na mipira miwili, kila mmoja akagusa mpira na hakuna aliyekaa pembeni akichezea mchanga, mwombe mwalimu wa michezo akuandikie barua ya utambulisho na uiambatanishe na vyeti vyako.