Namna ya Kupima Ahadi za Umeme wa Jua Kutoka Anga za Juu

Wazo la setilaiti itakayovuna jua usiku na mchana na kuuteremsha umeme duniani kwa mawimbi ya maikrowevu limekuwepo tangu mhandisi Peter Glaser alipolitoa mwaka 1968, na hadi leo makisio ya ukuaji wake huvutia sana. Mwenye kalamu na karatasi anaweza kuyapima mwenyewe.

Anza na jua. Juu ya angahewa kila mita ya mraba hupokea wati 1,361, ilhali ardhini, saa sita mchana pasipo wingu, hupokea takriban 1,000. Faida kubwa basi si ukali wa jua bali muda, kwa kuwa setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta hukaa juani karibu mwaka mzima. Wengi huishia hapo. Wewe endelea kutoa kinachopotea njiani: tuseme paneli inageuza asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme, mtambo wa kurushia mawimbi unabakiza asilimia 70 ya umeme huo, asilimia 90 ya mawimbi inaangukia antena ya ardhini, na antena inageuza asilimia 80 ya kilichofika kuwa umeme tena. Zitabaki wati 137, yaani uniti 3.3 kwa siku. Paneli kama hiyo juu ya bati la nyumba, ikipata saa tano za jua kamili, hutoa uniti moja. Ushindi wa angani ni mara tatu na ushei, wala si mara mia. (Kwa haki, upande wa ardhini uongezewe bei ya betri.)

Kisha uliza uzito. Roketi ya Falcon 9 hufikisha kilo moja kwenye obiti ya chini (njia ya kuizunguka dunia kwa karibu) kwa karibu dola 3,000, na kupanda hadi kimo kile cha kilomita 35,786 ni ghali zaidi. Ripoti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya Januari 2024, iliyochunguza miundo miwili ya gigawati 2, ilikadiria dola 0.61 kwa uniti katika muundo mmoja na 1.59 katika mwingine, na sehemu kubwa ya gharama ilitokana na kurusha mizigo. Makisio yasiyotaja bei ya kilo yanayoitegemea mimi huyaweka kando.

Majaribio nayo yasomwe kwa uangalifu. Mwaka 1975, huko Goldstone, California, zaidi ya kilowati 30 zilivuka kilomita moja na nusu, ardhini kwa ardhini. Mwaka 2023 kifaa cha chuo cha Caltech kiliwasha angani vitaa viwili vilivyokuwa umbali wa futi moja hivi, kisha mawimbi yake yakanaswa juu ya paa la chuo hicho, Pasadena. Jaribio la kwanza lilikuwa na nguvu bila umbali. La pili umbali bila nguvu. Subiri litakalounganisha vyote viwili.

Mwisho, pima ardhi. Kwa masafa ya gigahezi 2.45, mtambo wa kurushia wenye upana wa kilomita moja hutandaza mawimbi kwenye duara la ardhini lenye upana wa kilomita kumi hivi, na ukiupunguza mtambo nusu, duara huongezeka maradufu. Kwa hiyo mradi huu hauwezi kuanza kwa paneli moja moja kama sola ya nyumbani.